Nimerudi nyumbani na chuma mguuni, mtoto wangu hanitaki. Ni umri au kuna jambo?

#1 MamaKifaranga
Habari za humu wakuu. Niende kwenye mada.

Nilipata ajali ya bodaboda barabara ya Kilwa, maeneo ya Mbagala. Mfupa wa paja la kulia ukakatika, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Kidonda kikasumbua, nikalazwa muda mrefu kuliko nilivyoambiwa mwanzo. Sasa niko nyumbani, natembelea magongo mawili.

Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi tisa. Kabla ya ajali alikuwa hanibanduki. Nikiingia chooni anakaa mlangoni analia. Nilipolazwa alibaki hapa hapa nyumbani na baba yake, na mdogo wangu akaja kutoka Korogwe kumlea. Wodini watoto hawakuruhusiwa, kwa hiyo alikuwa ananisikia kwenye simu tu. Baadaye hata simu akawa anaisukuma.

Siku ninarudi nilijua atanirukia. Alijificha nyuma ya mdogo wangu, ameshika dera lake, ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nikimwita anakuja hadi karibu, anapiga mguu wenye bandeji, anakimbia. Akianguka anamkimbilia mamdogo. Usiku anataka mamdogo. Na juzi kamwita "mama" nikiwa nimekaa pale pale.

Maumivu ya mguu nayavumilia, hili limenishinda. Waliopitia haya, mtoto alirudi? Mlifanyaje?

#2 Lori Tupu
Pole dada. Swali la kizushi: mlikuwa mshikaki?

#3 MamaKifaranga
Nilikuwa abiria peke yangu na kofia nilivaa. Tusiende huko.

#4 Nesi wa Zamu
Pole sana. Kwa umri huo ni jambo la kawaida. Mtoto huyo hajui maana ya "mama amelazwa". Anachojua ni kwamba ulitoka na hukurudi.

Daktari John Bowlby na mwenzake James Robertson walilichunguza hili London miaka ya 1940 na 1950, enzi ambazo hospitali za kule zilikuwa zinawaruhusu wazazi kuona watoto wao kwa saa chache sana. Waliona mtoto anapitia hatua tatu. Kwanza anapinga, analia, anatafuta. Kisha anakata tamaa, ananyamaza. Halafu anajitenga. Hii ya tatu ndiyo inayodanganya watu, maana anakula, anacheza, anacheka na kila mtu, nyumba nzima inasema ameshazoea. Mama akitokea anageuziwa mgongo. Na hiyo ikishapita jiandae, atakung'ang'ania mpaka useme basi.

Kuhusu kupiga mguu, usimchukulie kuwa ni ukatili. Kuna kitu kigeni kwenye mwili wa mama yake na hana maneno ya kuuliza.

#5 Mzee wa Pugu
Nesi, kwa heshima. Hao wataalamu wako walichunguza watoto waliolazwa wao wenyewe. Kitanda kigeni, watu wageni, chakula kigeni. Huyu alibaki kwao, na baba yake, na mama yake mdogo. Huoni umechanganya mambo mawili?

#6 Bi Mkubwa wa Makorora
Mnaenda mbali mno. Mtoto humjua mama yake kwa harufu. Mwanangu umerudi unanuka spiriti na dawa ya kidonda, na mafuta uliyokuwa ukijipaka hujapaka tangu ulipoumia. Sasa akujue kwa lipi? Toa ile kanga uliyokuwa ukimbebea, ilale na wewe kitandani, usiifue kwanza. Jipake mafuta yale yale ya zamani. Kisha kaa, usimwite. Wewe unamwita sana, ndiyo maana anakimbia.

#7 kiboko_mpole
Mimi nadhani ni magongo. Nilivunjika muundi nikiwa Geita, mwanangu alikuwa na miaka miwili. Hakuwa na shida na mimi, shida yake ilikuwa yale magongo yanavyogonga sakafu, na mimi nilivyokuwa mrefu halafu nimeinama mbele. Nikikaa kwenye godoro, magongo nyuma ya mlango, anakuja mwenyewe na gari lake la kopo. Nikiyashika tu, mbio kwa bibi yake.

Dada jaribu kuangalia, ukiwa umekaa anabadilika?

#8 Mtumishi Asiye na Gari
Wapendwa tusidharau. Mtoto mdogo huona tusivyoviona. Ajali, kidonda kugoma kukauka, mtoto kumkataa mama, yote kwa mfuatano? Dada omba sana, na uangalie nani aliingia humo ndani wakati haupo.

#9 Lori Tupu
Aliyeingia ni mamdogo wa Korogwe na begi lake la nguo. Unashauri afukuzwe, mtumishi?

#10 Mtumishi Asiye na Gari
Sijataja mtu.

#11 Shangazi wa Kinondoni
Huwa mnaanzaga hivyo hivyo, "sijataja mtu", mwezi haujaisha ukoo umegawanyika.

#12 MamaKifaranga
Asanteni. Mtumishi, mdogo wangu namjua, aliacha genge lake la mboga kuja kunisaidia. Hilo naomba lifungwe.

Kiboko, ni kweli, nikiwa nimekaa anasogea zaidi, ila hanigusi. Anasimama hatua mbili tatu, ananiangalia.

Jambo jingine ambalo huenda lina maana: alikuwa bado ananyonya. Siku ya ajali ndiyo ikawa mwisho. Baada ya upasuaji nilikuwa kwenye tramadoli, dawa kali ya maumivu, nikaambiwa nisinyonyeshe, na hata hivyo hakuwepo wa kumnyonyesha. Sasa natumia parasetamoli basi. Maziwa yamebaki matone. Mama mkwe kaniambia nisithubutu kumpa, yameshachacha.

#13 Shangazi wa Kinondoni
Si hapo sasa! Mmemzungusha mtoto wa watu London na kwa waganga kumbe kijana kaachishwa ziwa asubuhi moja bila taarifa. Sisi tunaachisha taratibu, unapunguza la mchana kwanza, unapaka shubiri, mwingine anapelekwa kwa bibi wiki nzima, na bado mtoto ananuna. Huyu hakupewa hata shubiri. Amenuna, na ana haki.

#14 Nesi wa Zamu
Tusahihishe la maziwa, maana hili linawapotosha wengi. Maziwa hayachachi ndani ya titi hata mama akikaa muda bila kunyonyesha. Yanapungua, yanaweza kukauka, lakini hayaozi.

La tramadoli, waliokuzuia walikuwa na sababu. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba mama anayenyonyesha asitumie tramadoli wala kodeini. Kuna watu ambao miili yao inazigeuza haraka kuwa kitu kikali zaidi, kikaingia kwenye maziwa, mtoto akasinzia kupita kiasi na kupumua kwa shida. Parasetamoli na ibuprofeni hazina tatizo hilo. WHO wanashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, kwa hiyo umri wake bado unaruhusu. Akitaka mwenyewe mpe, maziwa huongezeka kwa kunyonywa. Asipotaka mwache. Na kila unapoandikiwa dawa mpya, iwe ya maumivu au ya kidonda, taja kwamba unanyonyesha.

@Mzee wa Pugu, hoja yako nimeipenda. Miaka ya 1960 Robertson na mkewe Joyce waliwachukua watoto wadogo nyumbani kwao wakati mama zao wamelazwa kujifungua. Wale waliokaa na mlezi mmoja wa kudumu walistahimili vizuri kuliko mtoto aliyepelekwa kituoni, ambako walezi walikuwa wanapokezana. Lakini hata hao wa nyumbani hawakukosa kununa na kuhangaika.

#15 Mzee wa Pugu
Hapo tumeelewana. Kwa maana hiyo mamdogo ndiye kinga ya huyu mtoto, na watu humu walishaanza kumnyooshea kidole.

#16 Kisu cha Kaya
Mimi napita na wazo tofauti. Mamdogo ashukuriwe, apewe nauli, arudi Korogwe. Mtoto akikosa pa kukimbilia atarudi kwa mama yake tu, atake asitake.

#17 Shangazi wa Kinondoni
Na beseni la kuogea nani atainama? Wewe?

#18 Bi Mkubwa wa Makorora
Kisu, hilo usilirudie. Mtoto kaondokewa na mama bila kuelewa, sasa unamwondolea na huyu aliyemshika mkono. La kwanza bado hajalimaliza. Mamdogo akae, na siku ya kuondoka aage, mtoto aone akipunga mkono. Msimtoroke akiwa amelala, najua mnavyofanyaga.

#19 Kisu cha Kaya
Basi yaishe. Ila mnawadekeza hawa watoto, siku hizi kila kitu kisaikolojia.

#20 Mwana wa Likoni
Pole mamangu, nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi niliumia mgongo kazini, nikawa wa kulazwa na kugeuzwa, binti yangu ana mwaka na nusu. Dadangu ndiye aliyekuwa akimshughulikia.

Tulipatana hivi. Kazi za mbio zote ni zake: kuosha, kubadilisha, kumfuata akitoka nje. Mimi nikabakiwa na mambo mawili ambayo mtu mwengine yeyote hakuruhusiwa kuyagusa, chakula cha jioni na hadithi ya kulala. Vyote hapo hapo kitandani. Na dadangu wakati huo alikuwa akitoka nje kabisa, hakai mlangoni, maana akikaa mlangoni mtoto hali, anamtazama yeye tu. Uji mwingi ulimwagika kwenye shuka, siwezi kukudanganya. Baba yake alilalamika. Tukanunua plastiki ya kutandika.

Ilikuwa pole pole. Kuna jioni alikula vijiko viwili akashuka akaenda zake. Lakini alijua hicho ni kitu cha mimi na yeye.

#21 Fundi wa Msamvu
Mwana wa Likoni kaongea jambo. Mimi niongeze upande wa kazi zenyewe, mke wangu alivunjika nyonga na watoto walikuwa wadogo.

Magongo yanakunyang'anya mikono kabla ya kitu kingine. Huwezi kubeba hata kikombe cha chai, sasa mtoto akikuambia "nibebe" unamjibu nini? Tulifanya hivi. Begi la mgongoni la shule, analivaa kifuani: chupa ya maji yenye kifuniko, nepi, simu, biskuti. Aproni ya mamalishe yenye mifuko mikubwa mbele. Kiti cha plastiki kila chumba, kimoja na uani, ili popote mtoto anapotaka kupakatwa mama awe na pa kukaa bila kusafiri. Nguo za mtoto tulitoa kwenye begi chini ya kitanda tukaweka juu ya meza, kwa sababu kuinama kulikuwa hakuwezekani. Kumvalisha ni mtoto kupanda kitandani, mama kakaa.

Halafu usalama, hapa sitanii. Mwaka na miezi tisa ni umri wa mbio na wewe huna mbio. Komeo la mlango wa nje lipandishwe juu asipofika. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe. Jiko la mkaa litoke sakafuni au lipikiwe akiwa amelala. Wewe ukiona anaelekea kwenye jiko, mpaka uokote gongo ameshafika.

#22 MamaKifaranga
Fundi, hili la kiti kila chumba sijawahi kuliwaza. Nilikuwa nazunguka na stuli moja naisukuma na gongo.

Kuna swali linaninyima usingizi: anapopiga mguu, au tuseme siku akinirukia kwa furaha, chuma kinaweza kupinda? Najikuta naweka mikono mbele kabla hajanifikia.

#23 kiboko_mpole
Usikubali. Mimi niliambiwa nisikanyage kabisa hadi miezi mitatu, kitu chochote kikigusa mfupa hauungi.

#24 Bwana Nati
Kiboko, wewe ulivunjika muundi ukawekewa hogo, ile plasta ngumu ya nje, yeye ni paja na chuma cha ndani. Si kesi moja.

Chuma cha ndani ya mfupa hupita kwenye uvungu wake na kufungwa kwa skrubu juu na chini, kinabeba mzigo pamoja na mfupa. Wengi wenye cha namna hiyo huruhusiwa kukanyaga mapema, wengine kwa kiasi kwanza, kulingana na mfupa ulivyovunjika na picha inavyoonyesha. Ukiwa umevunjika karibu na goti au vipande vingi, masharti huwa makali zaidi. Anayejua ni daktari aliyekufungua, muulize kliniki swali hilo hilo: nikanyage kiasi gani. Kibao cha mtoto hakipindi chuma. Kidonda ndicho cha kulinda, na wewe mwenyewe usianguke ukimkwepa.

Kwa wapenda historia, Tanzania kuna vyuma vya SIGN vinavyotumika sana kwa paja na muundi. Shirika lake liko Richland, jimbo la Washington, lilianzishwa 1999 na daktari Lewis Zirkle. Ujanja wake ni kwamba daktari wa upasuaji anaweza kupata matundu ya skrubu bila ile mashine ya mionzi ya papo kwa papo, ambayo hospitali nyingi za nchi kama zetu hazina.

#25 Lori Tupu
Bwana Nati umetoka wapi na elimu hii, na jina hilo? Mkuu wewe ni daktari au una gereji?

#26 Bwana Nati
Nina chuma changu mwenyewe. Dereva wa lori, Tunduma. Ukilala chali muda mrefu unasoma kila karatasi.

#27 Nesi wa Zamu
Nakazia la Bwana Nati. Na dada, ukiona kidonda kinatoa usaha, homa, au nyama ya nyuma ya mguu imevimba na kuuma upande mmoja, au unakosa pumzi ghafla, usingojee tarehe ya kliniki. Nenda.

#28 Mla Dona
Samahani nachepuka kidogo. Umeajiriwa? Una PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na taarifa za bima ya ile pikipiki? Watu wanalea vidonda wanasahau haki.

#29 MamaKifaranga
PF3 ninayo. Nimeajiriwa, kiwanda cha nguo. Mwajiri ameanza kuuliza narudi lini. Na mume wangu alinyimwa ruhusa, wamesema likizo ya dharura siku nne hazihusu mke.

#30 Mla Dona
Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 una hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Sharti cheti cha daktari. Usikubali kuandika barua yoyote ya kuacha kazi kwa hiari.

Hizo siku nne za mumeo, ukisoma kifungu cha 34 kama kilivyotungwa 2004, utakuta kuugua au kufariki kwa mtoto, na kufariki kwa mwenza, mzazi na wengineo. Mke kuugua hayumo. Mke akifa ruhusa ipo.

#31 Shangazi wa Kinondoni
Yaani akifa unapewa siku nne, akivunjika paja na mtoto mchanga ndani huna hata moja. Waliokaa kuandika hiki walikuwa na wasichana wa kazi wangapi majumbani?

#32 Mzee wa Pugu
Turudi kwenye mtoto. Uzi huu nusu umekuwa mahakama ya kazi.

#33 Sauti ya Kisima
Naomba niseme kama mtoto, si kama mzazi. Nilikuwa na miaka minne mama alipogongwa na daladala Arusha. Ninachokumbuka si kuachwa. Nakumbuka kulikuwa na mtu mzima ambaye kwa mara ya kwanza yuko kitandani mchana kutwa na haendi sokoni. Nilikuwa napanda na mawe yangu ya kuchezea na yeye anahesabu. Ndugu zangu wakubwa ndio wanaokumbuka kipindi kile kuwa kibaya, maana waliteka maji na kupika.

Kinachonibakia hadi leo ni kimoja, mama alikuwa akipiga kelele wakati wa mazoezi ya goti. Mimi nilidhani yule mwanaume wa mazoezi anampiga, na nilidhani mama kamkosea. Hakuna aliyenieleza. Kwa hiyo dada mweleze mtoto, hata kama unaona haelewi. "Mguu wa mama unauma, si wewe uliyeuumiza."

#34 kiboko_mpole
Hili la kelele limenigusa. Huenda ndilo lenyewe. Dada hebu jiangalie, akikaribia unakunja uso? Umesema unaweka mikono mbele. Mtoto anaona mama akiniona anajikunja na kunizuia. Mimi ningekuwa yeye nisingekuja.

#35 Bi Mkubwa wa Makorora
Harufu.

#36 Shangazi wa Kinondoni
Ziwa.

#37 Lori Tupu
Magongo. Tupige kura?

#38 MamaKifaranga
Mrejesho kidogo.

Kanga nimelala nayo, mafuta nimejipaka, mtoto akanusa akaondoka na kanga. Sasa analala nayo kwa mamdogo. Bi Mkubwa sijui hii unaihesabu vipi.

La chakula cha jioni nimelianza, mdogo wangu anatoka uani. Mwanzo mtoto alikuwa anasimama dirishani kumwita. Sasa anakula, ila ananipa kichwa upande, hanitazami. Nilijaribu kumpa ziwa, akalichungulia, akaligonga na kijiko, akacheka. Nilicheka pia, tangu ajali sikumbuki kucheka hivyo. Hajalitaka tena.

Magongo siku hizi hayaogopi, anayaiba. Analaza moja sakafuni, analipanda, "piki piki piki", anazunguka nalo sebuleni. Mimi nimekwama kwenye kiti nasubiri abiria ashuke. Kuoga bado kwa mamdogo, usiku bado kwa mamdogo. Jana alianguka, akaanza kuja kwangu, katikati akabadilisha mawazo.

Na kituko: yule kijana wa bodaboda alikuja kunijulia hali, mkono wake umepona, kaleta machungwa. Mwanangu alimpanda mapajani hajaitwa.

#39 Lori Tupu
Huyo mtoto ameshachagua kazi.

#40 Nesi wa Zamu
Hapo pa kuanza kuja na kubadilisha mawazo katikati ndipo pa kukaa macho. Akigeuka usimwite na usimlaumu. Baki ulipo, mikono chini.

#41 Mzee wa Pugu
Kwani baba mtu yuko wapi katika habari hii yote? Kila mtu anamzungumzia mamdogo. Mtoto alibaki na baba pia.

#42 MamaKifaranga
Baba anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku, na akirudi ni kunigeuza mimi, kunisaidia choo, kubadilisha bandeji. Akimaliza mtoto amelala. Sina la kumlaumu, ila na wao wamepotezana kidogo, nimeliona baada ya swali lako.

#43 Kisu cha Kaya
Baba asimamie kuoga, basi. Jumapili hata kama ni siku moja. Mama akae kwenye kiti pembeni ashike sabuni. Hapo mtoto, baba na mama wote mko kwenye beseni moja na mamdogo anapumzika.

#44 Shangazi wa Kinondoni
Kisu leo umekula nini? Wazo zuri hili.

#45 Mwana wa Likoni
Nami nimelipenda. Ila kiti kisiwe penye maji, vigae vikilowa gongo linateleza vibaya. Angalia zile raba za chini kama hazijalika.

#46 MamaKifaranga
Zimelika! Moja imebaki chuma kitupu upande, hasa baada ya kuwa pikipiki. Zinauzwa peke yake au ni kununua magongo mapya?

#47 Fundi wa Msamvu
Zinauzwa peke yake, maduka ya vifaa vya hospitali, hapo Kariakoo hukosi. Nenda na gongo lenyewe upime, vipenyo vinatofautiana. Ukikosa kwa haraka, kata mpira wa tairi la baiskeli, funga kwa waya.

#48 Nesi wa Zamu
Waya hapana, fundi. Utachana sakafu na siku moja mguu wa mtoto.

#49 Fundi wa Msamvu
Basi gundi ya mpira na mpira wa ndani, tabaka mbili. Mke wangu alitembelea hivyo mpaka alipoyarudisha magongo.

#50 Bwana Nati
Gundi ikipata joto la sakafu inaachia, nimeona. Dada mtume mtu akanunue, ni bei ndogo. Na anunue za akiba, dereva wako bado yuko barabarani.